Nani Aalikwe Nyari? Njia za Kutafuta Wachezaji wa Hadithi ya Zamu

Tuseme tangazo hili limeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Malindi na Magarini: "Natafuta wachezaji watano. Mchezo ni wa mtandaoni, hadithi ya kifantasia inayotokea Marafa. Hakuna malipo. Atakaye anitafute inbox." Kabla jua halijatua, maswali yatakuwa yamejaa. Ni kamari mpya? Ni kombe gani, na mechi itachezwa uwanja upi? Kama hakuna malipo, mwenye tangazo anafaidi nini? Na kwa nini anataka watu wamfuate pembeni? Katika kaunti hii ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola baada ya siri yake kufichuka mwaka 2023, swali hilo la mwisho si la kuchekwa. Watu wa huku wamejifunza kwa uchungu mwingi kwamba mwaliko wa kujiunga na kikundi kidogo, chenye kiongozi mmoja na masimulizi yake, hupaswa kuulizwa mara mbili kabla ya kukubaliwa.

Mkanganyiko huo hausababishwi na ujinga. Unatokana na tangazo lisilosema lolote la maana. Anayewaalika watu wacheze hadithi anawaomba muda wao, maandishi yao na imani yao, na kila njia ya kuwapata ina gharama yake. Njia zinazotumika ni tatu: kumfungulia mlango yeyote anayebisha, kuwachuja waombaji, au kubaki na marafiki. Kila moja ina watetezi wenye hoja za kweli. Kabla ya kuzipima, inafaa kujua kinachoombwa hasa.

Mchezo wenyewe

Mtu mmoja huwa msimulizi. Ndiye anayejua ramani, siri na maadui. Wengine, kwa kawaida watatu hadi sita, kila mmoja huwa na mhusika wake: mganga wa mitishamba, mwindaji, binti wa mvuvi aliyeikimbia ndoa. Msimulizi huandika tukio. Wachezaji hujibu kwa zamu, wakieleza wahusika wao wanasema nini na wanajaribu kufanya nini. Jambo likiwa na mashaka, kama kuruka korongo au kumdanganya mlinzi, dadu huamua. Msimulizi huandika matokeo, na mambo yanasonga. Hakuna anayelazimika kuwa mtandaoni saa moja na mwenzake: mmoja huandika alfajiri akingoja matatu ijae, mwingine usiku baada ya kufunga duka lake Mambrui. Hapa tutauita mchezo huu hadithi ya zamu.

Asili yake ya karibuni ni Marekani. Mchezo wa Diplomacy wa Allan Calhamer, uliochapishwa mwaka 1959, ulikuwa ukichezwa kwa barua kufikia 1963. Mwaka 1970 Rick Loomis alianza kuendesha mchezo wa barua uitwao Nuclear Destruction, ulioizaa kampuni ya Flying Buffalo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, ambao ulimpa kila mchezaji mhusika mmoja wa kumlea badala ya jeshi zima la kuamuru. Barua na mhusika vilipokutana, hadithi ya zamu ikazaliwa. Intaneti iliondoa stempu tu.

Lakini mazoea ya kujibizana kwa maandishi ni makongwe pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo, na shairi lilipovuka bahari lilingojewa jibu lake. Baadaye kurasa za mashairi za magazeti, kuanzia Mambo Leo lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923 hadi Taifa Leo, ziliwapa malenga wasiojuana uwanja wa kuulizana na kujibizana. Kule Tanzania, simulizi za Eric Shigongo ziliwazoesha wasomaji wa magazeti kungoja sehemu inayofuata. Na fantasia yenyewe si ngeni hapa: Katama Mkangi, mwana wa Ribe katika Kilifi hii hii, alimpeleka mhusika wake Dzombo hadi nchi ya Walenisi katika riwaya ya mwaka 1995.

Kwa hiyo ugeni wa jambo si kisingizio. Tofauti iko kwenye kutegemeana. Mshairi akichoka kujibu, gazeti huchapisha la mwingine. Katika hadithi ya zamu, mmoja akinyamaza katikati ya pango, wenzake wanne wanakwama naye. Ndiyo maana kumchagua mchezaji ni kazi nyeti kuliko kumpata msomaji, na ndiyo maana inasikitisha kuona inafanywa kwa mistari minne isiyo na kichwa wala miguu.

Kwa nini nyingi hufa changa

Anayetafuta wachezaji aanze kwa kuuelewa ukweli huu: hadithi nyingi za zamu hazifiki mwisho. Sababu ya kwanza ni mwendo. Chukua pigano la kawaida, wachezaji watano na raundi nne. Hizo ni zamu 20, bila kuhesabu za msimulizi. Ikiwa kila mtu lazima amsubiri aliye mbele yake, na kila mmoja hufungua simu kwa ajili ya mchezo mara moja kwa siku, pigano ambalo mezani lingekwisha katika muda wa kunywa chai linaweza kula majuma mawili au matatu. Anayependa kuandika mara tatu kwa siku atakuwa ameshaondoka. Anayeweza Jumamosi pekee atakuwa ameshalaumiwa na kundi zima. Hakuna mkosaji kati yao. Walialikwa bila kuambiwa mwendo.

Dawa ya sehemu ipo: msimulizi akusanye vitendo vya wote kwa mpangilio wowote ndani ya saa 48, kisha aandike raundi nzima kwa mkupuo. Zamu 20 zinakuwa mizunguko minne, yaani siku nane. Lakini hata hilo linadai wachezaji wanaokubali kwamba asiyeandika kwa wakati, mhusika wake atafanya jambo la tahadhari tu. Wengine hawalipendi. Ni haki yao, na ni haki yao kuambiwa mapema.

Sababu ya pili ni kalenda ya maisha. Mvua za masika zikishika Magarini, mwenye shamba yuko shambani. Msimu wa watalii ukipamba moto Malindi, wahudumu wa hoteli na waongoza watalii hawana jioni. Kuna mitihani, kuna Ramadhani, kuna matanga ya siku kadhaa kijijini ambayo hayaruhusu mtu kuinamia simu. Hadithi inayoanzishwa Novemba kwa shauku hugonga Desemba na kuvunjika, na msimulizi hulalamika kwamba watu hawako serious, ilhali yeye ndiye aliyepanga vibaya.

Sababu ya tatu haitajwi sana: msimulizi mwenyewe. Yeye ndiye anayeandika kwa wingi, anayesoma kila kitu, anayesuluhisha ugomvi. Akichoka, hakuna wa kumrithi. Matangazo huwadai wachezaji uvumilivu, ustadi na nidhamu, lakini ni nadra kumsikia msimulizi akisema yeye ataandika mara ngapi, kwa miezi mingapi, na atafanya nini akizidiwa. Huu ni upungufu mkubwa wa haki. Anayealikwa ndiye anayeingia gizani, kwa hiyo anayealika ndiye anayepaswa kutangulia kujieleza.

Mlango wazi

Watetezi wa mlango wazi husema: weka tangazo, watano wa kwanza ndio wachezaji. Nguvu ya njia hii ni usawa wake. Haimuulizi mtu alisoma wapi wala anajuana na nani. Kwa mahali kama Marafa, jambo hili lina uzito, kwa sababu hadithi ya zamu ni miongoni mwa burudani chache za mtandaoni zinazomfaa mwenye simu ya bei nafuu na bando la kubana. Maandishi hayali data kama video. Kijana aliye kijijini anaweza kukaa hadithi moja na mwanafunzi wa chuo Kilifi, na pasiwe na wa kumuona mdogo, kwa kuwa kinachoonekana ni mhusika wake tu.

Udhaifu wake umo katika neno "wa kwanza". Tangazo likitoka saa nne asubuhi, nafasi zimejaa kabla ya saa sita, na waliozijaza ni wale wanaoshinda na simu mkononi. Aliyekuwa shambani, kwenye boda boda au kazini anasoma jioni kwamba imejaa. Usawa uliokusudiwa unageuka kuwa tuzo kwa mwenye wasaa wa asubuhi hiyo. Tena wepesi wa kujibu si dalili ya kudumu, na mara nyingi anayesema "nimo" kabla hajamaliza kusoma ndiye anayekuwa wa kwanza kupotea. Kuna pia hatari ya wazi zaidi: mlango usio na bawabu humwingiza pia mtapeli, mwenye kutafuta wasichana wa kusumbua, na mwenye kutuma link za uongo.

Kosa la nafasi linarekebishika kwa kuweka siku ya mwisho badala ya mstari wa kufika kwanza. Juma moja linatosha. La usalama halirekebishiki kirahisi hivyo.

Kuchuja

Upande wa pili wako wanaodai maombi: jina la mhusika, maisha yake ya nyuma, sababu za kutaka kucheza, na pengine kurasa mbili za mfano wa uandishi. Hoja yao ni kwamba kazi ya kuomba ndiyo chujio lenyewe, kwani asiyeweza kuandika ukurasa kabla ya kuanza hataandika kumi baadaye. Kuna ukweli hapo. Msimulizi hupata pia picha ya watu watakavyoelewana: ukiwa na wawindaji watano na asiwepo mhusika hata mmoja anayependa kuzungumza, unajua mapema.

Hata hivyo njia hii hupima jambo moja na kudai imepima jingine. Insha nzuri ya mara moja ni kipimo cha insha. Haioneshi kama mtu atasoma alichoandika mwenzake, atampisha, au atarudi baada ya mhusika wake kushindwa. Hupendelea waliosoma sana na wenye jioni tulivu. Humfanya mwombaji amjenge mhusika wake kama jumba lililokamilika, mwenye ukoo, kisasi na unabii, kiasi kwamba hadithi ya pamoja haimuongezei chochote. Kisha kuna gharama ya waliokataliwa. Wakiomba kumi na kuchukuliwa watano, kazi ya watano imetupwa. Katika jiji kubwa waliokataliwa hupotea kati ya wengi. Marafa aliyekataliwa ni mtoto wa jirani, na utakutana naye sokoni.

Marafiki peke yao

Njia ya tatu ndiyo ya kimya, nayo pengine ndiyo inayotumika zaidi: watu wanaojuana shuleni, msikitini, kanisani au kazini wanaanzisha kundi lao. Baada ya Shakahola hakuna njia inayowapa wazazi utulivu kuliko hii, kwa sababu kila mtu anamjua msimulizi na nyumba yao. Mzaha unaeleweka, mipaka inajulikana bila kuandikwa.

Lakini rafiki hushindwa kukataa. Anajiunga ili asikuvunje moyo, na anajiondoa kwa kunyamaza ili asikukosee, na kunyamaza ndiko kunakoiua hadithi. Kundi la marafiki pia lina mambo mengine ya kuzungumza: mchango wa harusi, matokeo ya mechi, nani anakwenda Malindi kesho. Tukio lililoandikwa kwa ustadi huzama chini ya ujumbe 80 kabla mwenye zamu hajaliona. Na kwa upana zaidi, mchezo ukibaki kwa wanaojuana, msichana wa kijiji cha pili anayesoma riwaya kwa siri hatausikia kamwe. Hasara hiyo haionekani kwa aliye ndani, ndiyo maana haihesabiwi.

Yanayopaswa kusemwa kabla ya dadu

Mijadala ya namna ya kutafuta wachezaji huishia hapo kwa kawaida, kwenye idadi na vigezo. Kwa hadithi ya Marafa, suala zito zaidi ni lile la yaliyomo, kwa sababu mtu hawezi kukubali mwaliko wa kweli bila kujua anaalikwa kwenye nini.

Nyari, korongo la Marafa lenye mchanga mwekundu, wa chungwa na mweupe ambalo wageni huliita Hell's Kitchen, lina masimulizi yake. Toleo moja linasimulia familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe wake hadi Mungu akaiangamiza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Toleo jingine linasimulia wanakijiji walioonywa wahame, wakahama wote isipokuwa bibi kizee mmoja, na ardhi ikakimeza kijiji. Kwa msimulizi, hiki ni chanzo bora kuliko joka lolote la kuazima. Ila afahamu anagusa nini. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki, upande huu huu wa Marafa, baada ya upinzani uliohusishwa na Mekatilili wa Menza, ambaye kaburi lake liko Bungale, Magarini. Migogoro ya ardhi haijakwisha hadi leo. Mchezaji anayesoma "mmeamriwa mhame kabla ya alfajiri" anaweza kuwa na nyanya aliyeyaishi maneno hayo. Huenda atalipenda tukio hilo zaidi ya wote. Huenda hataki kulicheza. Aulizwe.

Uchawi ni mgumu zaidi. Karibu kila mchezo wa kifantasia una mchawi, na kwa mchezaji wa Chicago mchawi ni fimbo na joho tu. Kilifi wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba na urithi, na kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimekuwa kikiwahifadhi waliokimbia nyumba zao. Ukiandika hadithi ambamo ajuza mwenye macho mekundu ndiye mwovu na mashujaa wanashangiliwa kwa kumuua, umerudia kwa burudani shtaka linalowaua watu kweli. Sisemi nguvu za ajabu ziondolewe. Nasema ajuza huyo anaweza kuwa ndiye anayelindwa, nguvu za ajabu zinaweza kuwa na bei na adabu zake, na mwaliko useme wazi hadithi imelichukuliaje jambo hili. Msimulizi anayekwepa kulisema ataishia kulijibu wakati mzazi mmoja ameshaisoma simu ya mwanawe na kushtuka.

Kisha kuna hazina. Michezo ya aina hii imezoea kuwapeleka mashujaa mahali pa kale wakachukue vya thamani. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni mahali patakatifu penye wazee wake na miiko yake. Vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kuwakumbuka wanachama waliofariki wa Gohu, jumuiya ya Wagiriama, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo. Makumbusho ya Asili na Sayansi ya Denver yaliamua kurudisha 30, na mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37. Hadithi inayomfanya mwizi wa vigango kuwa shujaa itamuumiza mchezaji wa Kigiriama, hata akikaa kimya kwa adabu. Hadithi inayowatuma wahusika kukifuatilia kigango kilichoibwa na kukirudisha mahali pake ingemfanya ajisikie nyumbani. Vitabu vya wageni haviwezi kumchagulia msimulizi. Nyambe, kitabu cha mchezo cha mwaka 2002 kilichobuni bara la kufikirika kwa kuigiza Afrika nzima, kinaweza kumpa mtu hamu, lakini miiko ya kaya hawezi kuipata humo. Aende kwa wanaoijua.

Lugha na masafa

Kanuni za michezo mingi maarufu ziko kwa Kiingereza, na matangazo mengi hufuata lugha ya kanuni. Huko ni kujifungia mlango. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka kanuni za msingi za Dungeons & Dragons chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuzifasiri na kuzipunguza akiitaja kampuni hiyo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza dadu, majeraha na zamu unatosha kuanzia. Msimulizi aliyeuandaa ataona watu waliokuwa wakisoma kimya wakianza kujitokeza.

Lugha ya wahusika ni jambo la ladha, na hapa ningelegeza. Kiswahili sanifu kwa msimulizi, lafudhi na Kigiriama kwa wahusika waliozaliwa nacho, Sheng kwa anayetaka mhusika wa mjini. Linalodhuru ni kumsahihisha mtu sarufi katikati ya tukio. Afanyiwaye hivyo mara mbili haandiki tena.

Masafa nayo ni faida ambayo haijatumika. Saa za Riyadh na Malindi ni sawa. Muscat iko mbele kwa saa moja. Minneapolis iko nyuma kwa saa nane au tisa kutegemea msimu. Mchezo wa kukutana mubashara ungeshindikana, lakini wa zamu haujali. Mtu wa Kilifi anayefanya kazi Ghuba, mwenye hamu ya kusikia majina ya kwao kama Sabaki na Dakatcha, anaweza kuwa mchezaji wa kudumu kuliko aliye hatua mia kutoka kwako. Alikwe kwa makusudi.

Watoto na namba za simu

Hapa pasiwe na mjadala mrefu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kundi la watu wazima liseme hivyo. Kundi la vijana wa shule liwe na mtu mzima anayejulikana na wazazi, na asiwepo wa kuandikiana na mtoto faraghani. Kumbuka pia kwamba kundi la WhatsApp huonesha namba ya kila mwanachama kwa wengine wote. Telegram na Discord zinaweza kuificha. Kwa wasiojuana, hilo linatosha kuamua jukwaa.

Mizani

Nikizipima njia tatu, naona kila moja inalinda kitu kimoja: mlango wazi unalinda usawa, chujio linalinda ubora, urafiki unalinda imani. Si lazima kuchagua kimoja na kuvitupa viwili. Njia ninayoiona bora ni kualika kwa uwazi, kwa muda wa juma zima, kisha kuchagua kwa jaribio fupi badala ya ombi refu, huku kiti kimoja au viwili vikikaliwa tangu mwanzo na watu ambao msimulizi anawajua na ambao wengine wanaweza kuwauliza habari zake.

Jaribio lenyewe liwe tukio moja, na majibu yasizidi sentensi sita. Kwa mfano: "Mmeonywa mhame kabla ya alfajiri. Bibi wa nyumba ya mwisho amekataa kuondoka, na ng'ombe wake wamelala mlangoni. Nyuma yenu ardhi imeanza kunguruma. Karisa ameshika kamba. Mhusika wako anafanya nini?" Mwombaji mmoja anajibu kwamba shujaa wake, Chui wa Sabaki, muuaji wa majitu mia, anachomoa upanga wa moto na kuichoma ardhi hadi inyamaze. Mwingine anaandika: "Kadzo anaketi kando ya bibi. Anauliza ng'ombe yupi huongoza wenzake. Kisha anamtazama Karisa, aone kama amefikiria alichofikiria yeye."

Wa kwanza ana moto, na si wa kudharauliwa, lakini amemaliza kila kitu peke yake. Bibi hayumo, Karisa hayumo, msimulizi hana la kuongeza. Wa pili ameandika machache na amewaachia watu watatu kazi ya kufanya: bibi ajibu, Karisa atende, msimulizi aamue kama ng'ombe atasimama. Uwezo huo wa kumwachia mwenzako nafasi ndio unaozuia hadithi isikwame, na hauhitaji shahada wala Kiingereza. Fomu ndefu haiuoni. Mstari wa kufika kwanza hauuoni pia.

Pamoja na jaribio, mwaliko ueleze mambo ambayo tangazo letu la mwanzo liliyaficha: msimulizi ni nani na ataandika mara ngapi, kila mchezaji anatarajiwa kuandika mara ngapi kwa juma, hadithi itakwisha lini, ina nini kuhusu uchawi, vifo na ardhi, na kwamba hakuna fedha itakayoombwa wakati wowote. Naye mchezaji aulizwe ni lini hatakuwepo na ni mambo gani hataki kuyakuta. Mwisho ulio karibu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hadithi ya miezi mitatu, inayoanza Januari na kufunga kabla masika haijawaita watu shambani, inaweza kumalizwa. Ikimalizwa na ikapendwa, ya pili itaanza na watu waliokwisha kujaribiwa.

Pana hasara katika njia hii. Ni kazi zaidi kwa msimulizi, na baadhi ya wenye shauku watachoka kungoja juma zima. Bado kuna watakaokataliwa. Kwa hao, msimulizi aandike maneno mawili matatu ya kweli kuhusu jaribio lao na awaombe ruhusa ya kuwaweka akiba, kwa sababu atawahitaji. Achukue watano kwa hadithi inayoweza kusimama na watatu, na tangu siku ya kwanza aweke njia ya kutoka isiyo na aibu: anayezidiwa anaandika neno moja, mhusika wake anabaki kulinda mifugo au kumuuguza mgonjwa, na wenzake wanaendelea na safari. Akirejea, atajua pa kujiunga. Asiporejea, wa akiba anaitwa, na anaingia kwenye tukio linalofuata akiwa na jina lake, kiti chake, na ukurasa mmoja wa yaliyokwisha kutokea.